Re: Meza ya mtiki inaachia kwenye maungio

Pole kwa meza yako ya nje kufumuka. Umeuliza kama ubadilishe gundi tu. Kwanza chungulia ungio lililoachia. Ukiona gundi imebanduka kama ngozi laini ya plastiki, bila nyuzi za mbao, basi haikushika kabisa. Nyuzi zikiwa zimechanika na kubaki kwenye gundi, gundi ilifanya kazi yake. Kosa ni mbao mbichi au ubao wa juu wa meza kufungwa skrubu bila nafasi ya kutanuka.

Mtiki una mafuta yake ya asili. Ukipiga randa leo na kugundisha kesho, yameshapanda juu tena. Kwa hiyo kwangua gundi yote ya zamani, piga randa upya, futa kingo kwa kitambaa safi chenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha mafuta (mbali na moto, madirisha wazi), subiri ikauke dakika chache, kisha paka gundi papo hapo. Kabla ya kupaka, dondosha tone la maji kwenye kipande cha mabaki ulichofuta vivyo hivyo: likisimama kama shanga, futa tena.

Gundi nyeupe ya kawaida haifai kwa meza ya nje, maji huilainisha. Tumia epoksi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa), paka pande zote mbili, na usikaze klampu, yaani vibanio, kupita kiasi. Ukiikamua yote, ungio linabaki kavu.

Tena, mtiki una silika, chembe ngumu kama mchanga, inayokula makali ya randa haraka sana. Randa butu huponda nyuzi badala ya kuzikata, na gundi haishiki vizuri juu ya nyuzi zilizopondeka. Noa randa kabla ya kuipitisha mara ya mwisho.