Kuomba ruzuku ya utafiti wa osteopathi ukiwa Moshi

Wenzangu wa fiziotherapia hapa Moshi hupenda kuuliza ni mfadhili gani anatoa hela za utafiti wa osteopathi, yaani tiba ya kukanda na kunyoosha misuli na viungo kwa mikono. Kumpata mfadhili si kazi kubwa. Kituo cha tiba mbadala cha NCCIH, kilicho chini ya NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, hufadhili tafiti za tiba za mikono, na matangazo yao yanaweza kusomwa na kila mtu. Andiko la maombi huangushwa na swali moja la mhakiki, yule mtaalamu anayelipima kwa niaba ya mfadhili: mgonjwa akipata nafuu, utajuaje kwamba ni mikono yako iliyomsaidia, na si kule kuguswa, kusikilizwa na siku kupita?

Mhakiki wa fani hii ana majaribio yake kichwani. Mwaka 1999 lilichapishwa la Marekani: wagonjwa wa mgongo waliotibiwa kwa osteopathi walipata nafuu karibu sawa na waliopewa matibabu ya kawaida, ila walitumia dawa chache zaidi. Mwaka 2021 likaja la Ufaransa, la wagonjwa 400, kundi moja likipata tiba yenyewe na lingine tiba ya kuigiza. Tofauti ilionekana, lakini ndogo mno kiasi cha kutiliwa shaka kama ina maana yoyote kwa mgonjwa. Yataje yote mawili, hasa hilo la pili linalouma. Ukilificha, mhakiki atalitaja yeye, na hapo umekwisha.

Ukishayataja, uliza ambalo hayakuuliza. Nenda Kibosho au Old Moshi, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, asubuhi uwatazame akina mama wanaopandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mgongo wa mama yule na wa karani wa Paris anayeketi siku nzima haviumii kwa njia moja, na dawa ya kwanza anayoifikia mama huyo ni ya kutuliza maumivu kutoka duka la dawa. Je, tiba ya mikono pamoja na mazoezi itampunguzia vidonge? Hilo unaweza kulipima, na mfadhili analielewa.

Kupima nako kuna mambo yake. Wengi tunatumia dodoso la Roland na Morris, lenye kauli 24 za kuonyesha jinsi mgongo unavyomzuia mtu kufanya shughuli zake. Kuna ya kupanda ngazi polepole, na nyingine ya taabu ya kuvaa soksi. Msomee bibi wa Kibosho hiyo ya ngazi: nyumba yake haina hata moja, ila kutoka mtoni hadi kwake ni mwinuko wa kukutoa jasho. Atakujibu "hapana" na alama zake zitashuka kana kwamba ni mzima, mgongo ukiwa unamuua. Kwa hiyo weka kwenye bajeti hela na muda wa kulijaribu dodoso kwa watu wenyewe kabla ya kuanza. Mimi binafsi andiko lisilo na kipengele hicho silipi alama nzuri, hata likiwa na takwimu za kutisha.

Andika pia waziwazi nani atatoa tiba. Marekani daktari wa osteopathi ni daktari kamili, anaandika dawa na kupasua. Nchi nyingi za Ulaya mtoa osteopathi ni mtaalamu wa tiba ya mikono tu. Kama kwako atakuwa mfiziotherapia aliyefundishwa mbinu kadhaa, sema hivyo, na utaje mbinu zenyewe.

Vibali havihitaji hotuba, vinahitaji ratiba. Kuna kamati ya maadili ya taasisi yako, kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa kibali cha kitaifa cha maadili, na ukiwa na mshirika mgeni kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Data zikitoka nje ya nchi, mkataba wa kuzihamisha nao unataka saini. Ratiba inayoanza kukusanya data mwezi wa kwanza wa mradi inamwambia mhakiki kwamba hujawahi kupita huko.

Halafu nenda ofisi ya utafiti uulize kama usajili wa taasisi kwenye SAM.gov, mtandao wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba fedha zake, bado uko hai, maana huhuishwa kila mwaka. Ni bure, ukiona mtu anadai ada ya kukusajilia, mkimbie. Ukiwa umelala, kuuamsha huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo uliza siku ileile unayoanza kuandika.