Kuhusu ile "clicker" ya 1881: acha kamusi kwanza, angalia majirani

Mkuu mleta mada, umesema babu wa babu wa mkeo kwenye sensa ya Uingereza ya 1881, pale Northampton, kaandikwa kazi yake "clicker", na simu ukiiuliza inakupa mambo ya kubofya. Huko juu kuna waliosema fundi saa. Hapana bana. Northampton ulikuwa mji wa viatu, na clicker kwenye viatu ni yule anayekata ngozi ya sehemu ya juu ya kiatu, halafu alikuwa fundi wa kuheshimika maana ngozi ndo mali yenyewe, kisu kikiteleza hasara haina wa kuilipa. Ila ungesema alikuwa London na amezungukwa na wachapaji ningekujibu tofauti kabisa, kwa sababu kwenye uchapaji clicker ni kiongozi wa wale wapanga herufi. Neno ni lilelile. Ndo maana mi nikipewa neno peke yake, bila mji na bila majirani, huwa sijibu.

Hili nimejifunza kwa kuaibika. Mke wangu naye ana asili ya huko, na mama mkwe alikuwa na hadithi yake kwamba ukoo wao ulikuwa na mwanasheria, na kweli tovuti moja ya mambo ya ukoo walikuwa wamenakili sensa ya 1851 wakaandika "Lawyer". Nikachapisha, nikaweka kwenye fremu, nikampelekea. Kilichonitia wasiwasi baadae ni watoto, yaani mwanasheria gani ana vijana watatu na wote ni vibarua na maseremala? Nikafungua picha ya ukurasa wenyewe nikaikuza mpaka ikaanza kupasuka. Ile herufi ya kwanza ina kitanzi juu na mkia chini, ukiitazama yenyewe tu ni L. Sasa kwenye safu ya uhusiano na mkuu wa kaya karani wa sensa yuleyule kaandika "Son" (mtoto wa kiume) mara kibao, nikashuka nazo moja moja, kila S yake ina kitanzi kilekile na mkia uleule! Halafu nikatafuta L isiyo na ubishi, nikaipata kwenye "Labourer" mistari minne chini, hiyo mguu wake unalala kabisa kwenye mstari. Kumbe ni "Sawyer". Mpasua mbao. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine yuko shimoni anavuta msumeno huku vumbi lote linamshukia machoni. Cheti cha ndoa cha mwanae kikamaliza ubishi, maana vile vya Uingereza tangu 1837 vina nafasi ya kazi ya baba, na pale imeandikwa vizuri tu na mtu mwingine mwenye mwandiko wake. Mama mkwe fremu hajaitoa mpaka leo, na mi sijaligusa tena hilo suala.

Ujue pia hicho unachokisoma sio alichoandika babu. Fomu ilijazwa nyumbani, karani akaja kuikusanya, akanakili kwenye daftari lake, na zile fomu za nyumbani zikaharibiwa, kwahiyo kwa miaka ya 1841 mpaka 1901 tunasoma nakala ya mtu aliyechoka. Juu yake wakapita makarani wengine ofisini wanahesabu kazi, kila wakihesabu moja wanachora mkwaju au vema juu ya maandishi, na mistari hiyo imepita katikati ya maneno mengi sana. Ukiona herufi ina mguu usioeleweka jiulize kwanza kama ni wino wa yuleyule. 1911 ndo raha, karatasi aliyojaza mwenye nyumba mwenyewe ipo, na kuna safu ya kueleza ni shughuli ya aina gani. Ya 1921 inakwenda mbali zaidi, inataja mpaka mwajiri. Babu mwenyewe huenda alishafariki, lakini kama wanae walibaki kwenye kazi hiyohiyo wafuate huko.

Ya 1841 ina ugonjwa wake, vifupisho. "Ag. Lab." utaikuta mpaka uchoke, ni kibarua wa shambani. "F.S." ni mtumishi wa ndani wa kike. "F.W.K." ilinisumbua jioni nzima, ni mfumaji wa soksi kwa mtambo wa mkono, utawaona wengi Nottinghamshire na Leicestershire. "Ind." nilidhani ni kiwanda, kumbe ni mtu anayeishi kwa kipato chake mwenyewe, haajiriwi na mtu.

Halafu kuna maneno yanayojifanya unayajua. Haya ndo hatari kuliko yale ya ajabu, maana ya ajabu utayatafuta tu. "Tide waiter" sio mhudumu wa hoteli ya ufukweni, ni ofisa wa forodha anayesubiri meli iingie na maji ili aikague. "Deputy" ukiikuta kwenye kijiji cha makaa ya mawe kule Durham usianze kutafuta mbunge, ni msimamizi wa usalama mgodini. "Puddler" hachezei madimbwi, anakoroga chuma kilichoyeyuka tanuruni. Na "saggar maker's bottom knocker", najua utadhani nakutania, ni kazi halali ya viwanda vya vyombo vya udongo Staffordshire, kijana anayegonga udongo kutengeneza kitako cha lile kasha wanalowekea vyombo vinapochomwa.

Sasa rudi kwa mtu wako. Usiishie kwenye kaya yake, soma ukurasa mzima na unaofuata. Mtaa wa viatu utaujua haraka, utakuta "riveter" anayepigilia soli, "finisher" wa kumalizia, na "closer" anayeshona vile vipande ambavyo clicker amekata, hawa mara nyingi ni wanawake. Mkewe akiwa ameachiwa nafasi wazi usiseme hakuwa na kazi, kazi za wanawake ziliachwa bila kuandikwa mara nyingi sana, hasa zile za kufanyia nyumbani. Kisha mtafute 1871 na 1891, kuna uwezekano mwaka mmoja karani aliandika kwa urefu "shoe clicker" na mchezo ukaishia hapo. Ukishindwa kusoma, weka picha ya ukurasa wote hapa, sio kile kipande cha neno moja ulichokikata, maana kwenye kile sina "Son" ya kulinganishia.