Kilele cha 391 kwenye mwani: usishangilie bado

Mdogo wangu wa Maseno, umeuliza kama kilele cha 391.28 ulichopata ulipopima mwani wa kahawia wa Kwale kwa spektromita ya masi (mashine inayopima uzito wa molekuli zenye chaji, yaani ayoni) ni kemikali asilia ya mwani, maana kompyuta imekupa jina la ftaleti. Pole, karibu hakika hiyo imetoka kwenye plastiki. Ftaleti hutumika kulainisha plastiki, na methanoli, kimiminika cha kuyeyushia kemikali za mwani, huichomoa kwenye mirija, vifuniko, hata ile mitungi uliyosafirishia mwani hadi huku kwetu. Ukivunja ayoni hiyo ndani ya mashine ukaona kipande chenye uzito wa 149, ni ftaleti yenyewe. Pitisha methanoli tupu, bila mwani, katika hatua zilezile zote. Kilele kikitokea tena, kifute. (Makala zinazoisifu kama dawa ya baharini zipo tele. Usizifuate.)

Tafuta fukozanthini, rangi ya mwani wa kahawia: kilele chake ni 659.43, na 641.42 ikishapoteza molekuli ya maji. Hata hapo uzito pekee hautoshi, kwani molekuli mbili tofauti huweza kuwa na uzito uleule kabisa. Nunua fukozanthini safi kidogo, uipitishe kwenye mashine ileile, ulinganishe muda inaochukua kutoka kwenye safu ya kutenganishia kemikali, na vipande vyake. Sampuli iliyobaki itie kwenye chupa ya kioo, gizani, ndani ya friza. Mwanga huiharibu upesi.