Maswali ya wasomaji: Nyumba ilifungwa mwezi mzima, bili ya nini tena?

Tuliwaomba mtuletee maswali ya mambo ya nyumbani, mi nikajua yatakuja ya mabomba na rangi za ukuta, kumbe watu wanaumwa na bili za umeme. Nimechagua matano, mengine yalikuwa yaleyale. Walioandika wote wanahudumiwa na shirika la umeme la jiji, yaani mali ya manispaa yenyewe na siyo kampuni ya wenye hisa, kwa hiyo majibu nimeyaelekeza huko.

Shikamoo mhariri. Nilisafiri mwezi mzima, kabla sijaondoka nilizima kila kitu, mpaka friji niliitoa plagi nikaacha mlango wazi isije ikanuka. Narudi nakuta bili. Uniti zilizosomwa ni mbili tu, hizo nazo sijui zilitoka wapi, lakini hela ninayodaiwa hailingani kabisa na uniti mbili. Huu siyo wizi jamani? — Nyumba Imefungwa

Marahaba mwanangu. Siyo wizi, ingawa sikulaumu kufikiria hivo. Ichukue hiyo bili uisome mstari mmoja mmoja, utakuta pale juu kuna tozo ya huduma, wengine wanaiita malipo ya kudumu ya mwezi. Huo mstari haujali umewasha nini. Unalipia mita yako, waya unaotoka kwenye nguzo kuingia kwako, mfumo unaotengeneza bili na yule mtu anayepokea simu umeme ukikatika. Siku moja usiku kukiwa kimya pita chini ya transfoma ya mtaani kwenu utaisikia inaunguruma mmmm, inaunguruma hivohivo hata kama nyumba zote zimelala, na kuna umeme kidogo inaupoteza humo ndani kama joto usiku na mchana ili tu iwe tayari. Ukirudi safarini ukabonyeza swichi taa ikawaka papohapo, ujue kuna mtu alikuwa anagharamia huo utayari wakati wewe haupo.

Ugomvi wenyewe uko kwenye ukubwa wa hiyo tozo. Gharama nyingi za shirika la umeme hazishuki wewe ukizima taa: mikopo ya kujengea mitambo iko palepale, nguzo na mishahara nayo vilevile. Kwa hesabu hiyo kuna wanaosema basi gharama hizo zote ziingie kwenye malipo ya kudumu. Shida yake ni kwamba mwenye balbu tatu atalipa karibu sawa na mwenye viyoyozi kila chumba, na kubana matumizi hakutakuwa na maana, maana ukibana huoni tofauti kwenye bili. Kwa hiyo mashirika mengi huweka pale zile gharama zinazoongezeka mteja mmoja anapoongezeka tu, yaani mita, bili na waya wa kuingilia, halafu zilizobaki zinaingizwa kwenye bei ya uniti. Mimi niko upande huo na sijifichi. Ukisikia shirika lenu linataka kupandisha tozo ya huduma huku bei ya uniti ikibaki palepale, ujue mzigo unahamia kwa watumiaji wadogo.

Na zile uniti mbili, angalia ulichosahau kwenye plagi. Kitu kinachovuta wati 3 tu, ruta ndogo kwa mfano au redio iliyoachwa inasubiri rimoti, kikikaa saa 720 za mwezi kinafikisha uniti mbili na kapointi.

Kaka, mimi nina karakana ya kuchomelea vyuma na jirani yangu ana chumba cha baridi cha kutunzia mizigo. Juzi tumelinganisha bili, uniti karibu sawa kabisa, ila bili yangu inaipita yake kwa mbali! Kwangu kuna mstari umeandikwa kilowati, siyo uniti, na ndo wenye hela nyingi. Nilienda ofisini kwao nikaambiwa "ndivyo mfumo unavyosoma". Nisaidie. — Fundi wa Cheche

Fundi, jibu la "ndivyo mfumo unavyosoma" na mimi nimeshapewa mahali, linakera. Iko hivi. Uniti inapima umeme wote uliotumia, kilowati inapima ulikuwa unauvuta kwa nguvu kiasi gani kwa wakati mmoja. Tuseme jirani anavuta kilowati 10 mfululizo saa 24 kwa siku 30, hizo ni uniti 7,200. Wewe unavuta kilowati 60 lakini kwa saa nne tu kwa siku, siku 30, piga hesabu utapata 7,200 zilezile. Sasa mwenye transfoma anunue ya ukubwa gani? Ya jirani inatosha ndogo tu. Ya kwako lazima ibebe mara sita, na waya wake mnene, halafu saa 20 kwa siku imekaa tu inakusubiri wewe. Mita ya wateja wa biashara inachukua wastani wa kila dakika 15 au 30, halafu ule wastani uliokuwa mkubwa kuliko wote kwenye mwezi ndo unaolipia. Yaani asubuhi moja tu ukiwasha mashine zote kwa pamoja umeshaweka alama ya mwezi mzima, na kuna mashirika ambayo alama hiyo inakufuata miezi kadhaa mbele.

Jambo hili liliwaumiza watu vichwa tangu mwanzo kabisa. Edison alipoanza kuuza umeme New York mwaka 1882, mita zake zilikuwa chupa zenye dawa na vibati vya zinki, kila mwezi vibati vinatolewa vinapimwa kwenye mizani ili wajue umeme kiasi gani umepita. Inapima kiasi vizuri tu, ila haijui kama ulivuta taratibu au kwa pupa. Mwaka 1892 mhandisi Mwingereza John Hopkinson akasema wazi kwamba gharama ya kumuuzia mtu umeme ina sehemu mbili, ya kukaa tayari kwa ajili yake na ya kumpa anachotumia, na kila moja ilipiwe kivyake. Mwenzake Arthur Wright, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shirika la umeme la mji wa Brighton, ambalo nalo lilikuwa mali ya manispaa, akatengeneza kifaa cha kioo: umeme ukizidi unapasha hewa, hewa inasukuma kimiminika, kinamwagikia kwenye kijibomba cha pembeni na hakirudi tena. Msomaji wa mita akija mwisho wa mwezi anatazama kimefika wapi, basi, huna pa kujitetea. Samuel Insull, bosi wa kampuni ya umeme ya Chicago, alikipenda sana akaenda kuutumia mtindo huo kwao, na huo mstari wako wa kilowati asili yake ni hiyo.

Ila kuna kitu hawatakuambia na hapa nakutetea. Wewe unachomelea asubuhi, na labda jiji lenu linafikia kilele cha matumizi jioni watu wakirudi nyumbani wanapika na kuwasha taa. Kwa transfoma ya karakana yako ni sawa kabisa wewe kulipia kilele chako mwenyewe, haitumiki na mtu mwingine. Lakini kwa mitambo ya kuzalisha, ambayo jiji zima linagawana, kilele chako cha saa nne asubuhi hakimuumizi mtu, maana saa hiyo mitambo ina nafasi. Kwa hiyo waulize kama wana bei za kufuata saa, halafu uliza kama kilowati zako zinaweza kuhesabiwa kwa saa za kilele cha jiji. Na kabla ya yote, usiwashe mashine zote kwa mpigo, muwe mnapokezana. Angalia pia kama wanakupima kwa kVA, yaani kipimo kinachohesabu umeme wote unaopita hata usiofanya kazi, manake mashine za kuchomelea za zamani zinavuta umeme mwingine usiofanya kazi yoyote, unaenda na kurudi tu kwenye waya. Fundi umeme mzuri akikufungia kapasita zinazofaa hiyo sehemu inapungua.

Hili shirika ni la jiji, maana yake ni letu, halina mwenye hisa anayesubiri gawio. Sasa bei inapandaje na anayeamua hasa ni nani? — Mlipa Kodi Mmoja

Hapa nitakaa kidogo mniwie radhi.

Wanaanza kwa kujumlisha mwaka mzima unahitaji hela ngapi: umeme wa kununua au mafuta ya mitambo, mishahara, matengenezo, nguzo mpya, na mikopo. Mikopo ina mambo yake. Wanaowakopesha hawaridhiki na kusikia mapato yatatosha kulipa rejesho, mkataba unataka baada ya gharama za uendeshaji kibaki zaidi ya rejesho lenyewe, mara 1.25 ni kiwango cha kawaida. Hivyo hata bila wenye hisa lazima kuwe na ziada, na hiyo ziada ndo inajenga line mpya. Halafu kuna mstari ambao wengi hawaujui kwa sababu haumo kwenye bili: hela inayohamishwa kutoka shirika la umeme kwenda mfuko mkuu wa jiji. Wanasema ni mbadala wa kodi ambayo kampuni binafsi ingelipa, na hoja ipo, nakubali. Lakini madiwani wanaoogopa kupandisha kodi wanaweza kujifichia humo, wakakukamua kupitia mita yako. Ukitaka kuuliza swali moja tu kwenye kikao, uliza hilo.

Jumla ikipatikana inagawanywa, na watu wanafikiri hapo ni hesabu tupu. Siyo. Gharama zinapangwa kwanza, hii ya kuzalisha, hii ya njia kuu, hii ya kusambaza, hii ya kuhudumia wateja, halafu kila moja inagawiwa makundi: majumbani, biashara ndogo, viwanda, taa za barabarani. Mtambo mmoja tu unaweza kugawanywa kwa njia mbili na zote zina mantiki. Ukigawa kwa kufuata nani alikuwa anavuta saa ile jiji lilipofikia kilele, majumbani tunabeba sehemu kubwa, maana jioni sote tumewasha. Ukigawa kwa jumla ya uniti za mwaka, kiwanda kinachokesha kinabeba zaidi. Mshauri wa viwanda atakuja na jedwali la kwanza, wa majumbani na la pili, wote wamevaa suti na wote hesabu zao ziko sawa. Mi nimewahi kuhudhuria kikao kimoja cha bei, ukumbi wa viti mia na kitu, tulikuwa tisa, na watatu kati yao walitumwa na viwanda. Nani alirudi anacheka sina haja ya kusema.

Mwisho wanaopiga kura ni baraza la jiji au bodi iliyoteuliwa nalo. Marekani kuna mashirika ya umma ya namna hii kama 2,000, kubwa la manispaa likiwa lile la Los Angeles, na majimbo mengi tume inayozikagua bei za kampuni binafsi haizigusi za manispaa, hoja ikiwa mpigakura mwenyewe ndo mkaguzi. Ni nzuri ikiwa wapigakura wanakuja ukumbini. Kwingine mdhibiti wa taifa ndo mwenye neno la mwisho hata kwa shirika la jiji, angalieni sheria yenu. Ila kote ugonjwa ni mmoja, mwaka wa uchaguzi bei haipandi hata kama transfoma zinaungua, halafu uchaguzi ukipita inaruka kwa mkupuo mnapiga kelele.

Lingine linalochukiza watu: mkibana matumizi jiji zima, bei ya uniti inaweza kupanda. Ile jumla ya gharama haikushuka sana, uniti za kuigawia zimepungua.

Kuna mstari wa "marekebisho ya mafuta", mwezi huu upo mwezi ule haupo. Ni nini?

Bei ya mafuta au ya umeme wa kununua hubadilika haraka kuliko kikao cha baraza, kwa hiyo tofauti inapitishwa moja kwa moja kwako bila kura mpya. Inatakiwa ikupunguzie pia gharama zikishuka. Fuatilia kama inashuka kwa kasi ileile iliyopandia.

Na dada uliyeandika kuhusu jirani mwenye paneli za sola anayelipa karibu sifuri huku usiku anatumia waya walewale: una hoja, ila usiibebe yote. Umeme wa mchana anaouingiza kwenye waya za jiji unaliokoa shirika kununua uniti hizo kwingine, na pale kilele kikiwa mchana wa joto anasaidia kweli, kikiwa jioni jua likishazama hasaidii. Kwa hiyo uliza kwanza kilele cha jiji lenu ni saa ngapi, ndo umnunie.