Kugeuza mtumbwi juu ya wimbi: jibu kwa mdau wa Ujiji

Mkuu, umeuliza kwa nini mtumbwi wako ukibebwa na wimbi la kusi kuja nchi kavu unageuka wenyewe na kulala ubavu, yaani sambamba na wimbi, na kwa nini kuegemea upande unaotaka kwenda, kama wale wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao kwenye video, hakukusaidii. Nimekulia Katonga, kafi ndiyo kazi yangu, na swali lako nalipenda kweli.

Hao wa ubao waache kwanza. Ubao ni mfupi, una mapezi chini, na ukishika mwendo unateleza juu ya maji. Ukiulaza, ukingo wake unakata maji nao unafuata upande uliolala. Mtumbwi wa mti mmoja ni mrefu na umezama. Ukiulaza kidogo kushoto, tumbo la kushoto linaingia zaidi majini, na pua inakwenda kulia. Kumbe ulikuwa unauamuru kinyume! Jaribu asubuhi ziwa likiwa shwari: upe mwendo, acha kupiga kafi, laza kiuno upande mmoja, uangalie pua inakoelekea. Utalisikia kwenye magoti kuliko nitakavyoliandika hapa.

Sasa huo ubavu. Wimbi likija kwa nyuma linainua mkia, pua inachoma bondeni. Pua ikishikwa na maji huku mkia bado unasukumwa, mkia lazima uzunguke. Hapo kafi haifui dafu. Nimeona vijana wenye misuli wakiing'ang'ania na mtumbwi ukalala tu. Kwa hiyo geuza mapema, kilele cha wimbi kikiwa chini ya katikati ya mtumbwi. Wakati huo ncha zote mbili ziko nje ya maji au karibu kutoka, na pigo moja linatosha. Ukisubiri mpaka ushuke bondeni, umechelewa.

Shida ni kwamba nafasi hiyo inapita haraka. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi kusi inavuma kufuata urefu wa Ziwa Tanganyika, karibu kilomita 670, kwa hiyo mawimbi yanapata nafasi ya kukua. Hata hivyo yanafuatana kwa karibu kuliko yale marefu ya baharini. Usigeuke nyuma kuyatazama. Sikiliza mtumbwi: mkia unainuka, kisha mtumbwi unasawazika. Ukisawazika tu, piga.

Mimi hutanguliza macho, kikafuata kiuno, kafi mwisho. Ukitaka kwenda kushoto, tazama kushoto kule unakotaka kufika, laza mtumbwi kulia kidogo, kisha piga kulia pigo pana la nusu duara, kutoka mbele ya magoti mpaka mkiani. Pua ikishaelekea, liache kafi nyuma liwe usukani, lakini kwa muda mfupi. Wengi wanaliburuza njia nzima, mwendo unakufa, na mtumbwi usio na mwendo wimbi linaufanya linavyotaka.

Nyavu na mzigo visogeze nyuma kidogo ili pua iwe nyepesi. Piga magoti, usikae juu.

Na ukilala ubavu licha ya yote, egemea kwenye wimbi lenyewe, bapa la kafi ulilaze juu ya maji upande huohuo. Ukiegemea upande wa nchi kavu, ukingo unaingia chini na unapinduka papo hapo. Hili naomba ulishike kuliko mengine yote.

Mazoezi usianzie hapo Ujiji kusi ikiwa imechachamaa. Anzia ndani ya ghuba ya Kigoma siku ya upepo mdogo, mbali na njia ya maboti, ukiwa na mwenzako kwenye mtumbwi mwingine. Jaketi okozi uvae hata kama unaogelea vizuri.

Tuambie mtumbwi wako una urefu gani na huwa unabeba nini, ili nikueleze pa kuweka uzito.