Ukigombea udiwani Lubumbashi, ahidi mtaro kabla ya lami

Ndugu wa Kampemba, swali lako nalifupisha ili wanaoingia sasa wasipotee: unataka kusimama kwa udiwani wa komine, yaani sehemu ya jiji yenye baraza lake, mwaka 2028, avenyu yenu inajaa maji kila Desemba, taksibisi zimeacha kuingia, na vijana wako wanataka uandike "LAMI" kwenye kitambaa cha kampeni. Unauliza uahidi nini na uanzie wapi.

Usiandike lami. Lami si ya diwani, na hata ikija leo, bila mtaro itakatika kingo ndani ya misimu miwili ya mvua. Ahidi mtaro, utaje urefu wake kwa mita na mahali maji yatakapotokea. Ahadi ya namna hiyo unaweza kuitetea mbele ya mama yeyote wa sokoni, naye anaweza kukudai.

Tuanze na nguvu ya diwani, maana hapo ndipo wengi wanajikwaa. Madiwani wa komine walichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023, siku moja na rais, baada ya miaka mingi ya komine kuendeshwa na watu walioteuliwa. Ndiyo maana wapiga kura wengi wanamchanganya diwani na mbunge. Sheria inayomhusu diwani ni ile namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008. Kwa ufupi: bugumesta, yaani mkuu wa komine, na wenzake wa kamati tendaji wanatayarisha bajeti, baraza la madiwani linaijadili na kuipitisha, halafu inapita mikononi mwa gavana kabla ya kutumika. Wewe peke yako huna sanduku la pesa wala greda, na polisi wa barabarani hawapokei amri yako. Una kura moja na haki ya kuuliza. Kazi yako ni kuhakikisha mtaro wenu umeandikwa kwenye bajeti kama mstari wake wenyewe, wenye jina la avenyu na kiasi. Mtaro ukizama ndani ya mstari mmoja mpana wa "usafi na barabara", hutauona tena.

Pesa zenyewe: Katiba ya Kongo, kifungu cha 175, inazipa provensi (mikoa) 40% ya mapato ya kitaifa, na sheria ya 2008 inazipa miji, komine, na sekta na shefri za vijijini 40% ya fungu hilo. Piga hesabu: ni 16% ya mapato hayo, kwa zote nchi nzima. Fungu hilo halifiki kamili wala kwa wakati, na komine huishi zaidi kwa kodi za soko, maegesho na makaratasi ya ofisini. Basi ahadi yako iwe na ukubwa unaolingana na kodi za soko. Mita 300 za mtaro zinaingia humo. Kilomita 2 za lami haziingii.

Halafu ujue barabara ni ya nani. Njia kuu inayotoka Likasi, kupita mjini na kwenda Kasumbalesa ni barabara ya taifa namba 1. Malori ya shaba yanayopita hapo hayakuhusu hata yakiivunja vipi. Barabara kubwa za mjini zinashughulikiwa na OVD, yaani ofisi ya barabara na mitaro, pamoja na provensi na jiji. Komine inabaki na avenyu za ndani ya kartie (mtaa), masoko madogo, mifereji midogo na taa za humo. Nenda kwa fundi wa barabara wa komine ukamuulize avenyu yako iko kundi gani, naye aandike. Mgombea anayeahidi kutengeneza barabara isiyo ya komine anadanganya hata kama hajui.

Sasa uwanjani, na hapa sitafupisha.

Lubumbashi imekaa juu ya tambarare, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Bukavu adui ni mteremko, maji yanakimbia na kuchimba makorongo. Goma jiwe la volkano linanyonya maji lakini jembe haliingii. Kwetu maji yanakaa. Ardhi inaonekana sawa kabisa kwa macho, na mtu anachimba mtaro mzuri wa mita 100 ambao mwisho wake uko juu kuliko mwanzo. Mitaro mingi iliyokufa mjini imekufa hivyo, siyo kwa takataka. Takataka zilikuja baadaye kwa sababu maji yalikuwa yamesimama.

Pima kwa mpira wa maji. Chukua mpira unaopitisha mwanga, mita 12, na vijiti viwili vilivyonyooka vya mita 1.5, vyenye alama kila sentimita kuanzia chini. Jaza maji polepole upande mmoja hadi mapovu yote yatoke, kisha funga kila ncha ya mpira kwenye kijiti chake. Kijiti cha kwanza kisimame sehemu ya juu, cha pili mita 10 mbele. Acha maji yatulie, usome yamefika alama gani kila upande. Kama kijiti cha mbele kinasoma sentimita 5 zaidi, ardhi imeshuka sentimita 5, yaani nusu ya asilimia moja, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho mtaro unaweza kujisafisha wenyewe. Endelea hatua kwa hatua hadi mahali maji yanatokea, uandike kila namba. Watu wawili wanamaliza mita 300 asubuhi moja. Kinachoharibu vipimo ni povu moja lililobaki katikati, au mtoto kukanyaga mpira. Ukipata namba ya ajabu, rudia kabla ya kuchimba.

Kabla ya kupima, tembea avenyu nzima wakati mvua inanyesha, siyo kesho yake. Mvua kubwa za Desemba na Januari zinakuonyesha kitu ambacho ramani haisemi: maji yanaingia wapi, yanageukia wapi, yanasimama mbele ya parsele (kiwanja) ipi. Weka alama ya chokaa ukutani yalipofikia. Siku ya mkutano hutahitaji kueleza, watu watatazama ukuta.

Utakachokuta karibu kila mahali ni madaraja ya kuingilia parsele. Kila mwenye nyumba ameweka lake: huyu bomba la plastiki la sentimita 11, yule pipa la mafuta lililotobolewa pande mbili, mwingine mifuko ya udongo tu. Mtaro una upana wa sentimita 90 juu, lakini maji yote ya avenyu yanapita kwenye tundu linaloingiza ngumi. Kanuni ni moja: mtaro una nguvu ya tundu lake dogo kuliko yote. Ukisafisha mita 290 ukaacha daraja moja la mzee anayeheshimika, hujafanya kitu.

Dawa yake ni vifuniko vya zege vinavyonyanyulika. Kipande cha sentimita 50 kwa 90, unene wa 10, chenye nondo za milimita 10 kila sentimita 15 na masikio mawili ya chuma, kina uzito wa kilo 110 hivi. Watu 4 wanakinyanyua wakati wa kusafisha. Vipande 6 vinatosha lango la gari la mita 3, navyo vikae juu ya kuta za mawe au matofali ya sementi, visiegemee udongo mtupu. Zege la vipande virefu visivyonyanyulika ni kosa, maana chini yake hapasafishwi kamwe.

Mtaro wa udongo wenyewe: chini sentimita 40, kina 50 hadi 60, juu 90 hadi 100, kuta zimelala kidogo. Mteremko ukizidi 3% uweke mawe chini, la sivyo maji yatachimba. Siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakaaji, udongo unaotolewa usirundikwe ukingoni. Mvua ya kwanza inaurudisha wote ndani. Kabla hujaita watu, tafuta lori au mikokoteni, na mahali pa kumwaga. Salongo isiyo na lori ni jasho bure, na watu hawarudi mara ya pili.

Barabara yenyewe ikishapata mtaro, laterite, ule udongo mwekundu wenye changarawe, inatosha kwa avenyu ya ndani. Katikati pawe juu kuliko kingo kwa 4%. Kwa barabara ya mita 6, kutoka katikati hadi ukingo ni mita 3, basi ni sentimita 12. Hesabu ya mzigo: mita 300 kwa 6 kwa sentimita 15 ni mita za ujazo 270 zilizoshindiliwa. Ongeza karibu theluthi, kwa sababu laterite iliyolegea inapungua, unapata 350, yaani safari 35 za lori la mita 10. Ukiona mgombea ameleta malori matatu Desemba na kumwaga milima katikati ya njia, sasa unajua amebakiza mangapi. Laterite isiyoshindiliwa kipindi cha mvua inakuwa tope jekundu kwa wiki moja. Kazi hii ni ya Mei hadi Septemba. Kupima unyevu, fumbata konzi moja mkononi: ikishikamana kama tonge na ikianguka inavunjika vipande viwili vitatu, iko tayari. Ikiacha maji kiganjani, ngoja.

Na tafadhali, msizibe mashimo kwa udongo wa kichuguu. Unafanya tofali zuri kwa sababu ni mfinyanzi, na kwa sababu hiyohiyo unateleza kama sabuni ukilowa. Motari, wale madereva wa pikipiki za abiria, wanaanguka hapo na abiria wao.

Usafiri. Taksibisi hazikuacha kuingia kwa kiburi. Shofere anapiga hesabu ya springi na matairi. Lakini kuna jambo diwani anaweza kuanza nalo bila mfalanga mwingi: vituo. Nauli na njia zinapangwa juu ya komine, usijiingize huko kwenye ahadi. Simama kwenye njia panda saa 12 hadi saa 2 asubuhi, siku 3 za kazi, uhesabu kila dakika 15: magari yaliyosimama, watu wanaongoja, motari waliopanga foleni. Utaona msongamano unaanzia mahali pamoja, gari likisimama pembeni kabisa mwa kona. Pendekeza kituo kihamie mita 30 hadi 40 baada ya njia panda, kwenye kibaraza cha upana wa mita 3 na urefu wa mita 12 kwa kila gari. Motari wapewe sehemu yao mita 15 kutoka kona ili shofere aone anayekuja. Ongea nao kabla, kupitia viongozi wa chama chao. Kituo kilichohamishwa bila wao kinarudi kilipokuwa siku mbili baadaye, na wana haki, maana wateja wako kule.

Matuta ya kupunguza mwendo mbele ya shule: wakaaji wanajenga membamba na makali, yanavunja magari na kukinga maji. Tuta zuri lina urefu wa mita 3.7 kufuata njia na kimo cha sentimita 10, na lisifike mtaroni. Acha sentimita 30 kila upande maji yapite.

Kuna jambo moja linaniumiza zaidi ya yote. Mara nyingi maji hayana pa kutokea kwa sababu njia yake imeuzwa. Mtu amejenga juu ya mfereji na anakuonyesha karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iko wazi: ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma haigawiwi kwa mtu maadamu haijaondolewa rasmi kwenye matumizi hayo. Nenda Kadasta na Urbanismu, ofisi za upimaji ardhi na mipango ya mji, uombe mchoro wa mgao wa kartie, ulinganishe na unachokiona. Ukikuta ujenzi unaanza, peleka barua upesi. Hati ya usajili ikishakaa miaka 2 kuivunja kunakuwa vita. Ila usipande jukwaani kutaja mwenye nyumba. Huenda naye aliuziwa kwa ulaghai, na ukimwita mwizi utakuwa na kesi, siyo mtaro.

Taa sitasema mengi. Taa ya sola bila mtu aliyetajwa kwa jina wa kufuta kioo na kubadilisha betri inakufa mapema. Andika jina kabla ya kununua nguzo.

Makaratasi ya mwisho: ukurasa mmoja wa vipimo, mchoro wa mkono wenye alama za chokaa, hesabu ya vipande na mita za ujazo, sahihi za wenye parsele wanaokubali daraja lao libadilishwe. Anza kukusanya sahihi hizo kwa wale wa upande wa chini, wanaofurikwa. Wa juu hawana haraka. Papa shefu wa kartie aweke sahihi yake. Peleka komine nakala mbili, moja ibaki, nyingine irudi nawe ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Fanya hivyo hata sasa, kabla ya kampeni, uwape madiwani waliopo kabla bajeti ya mwaka ujao haijaandikwa. Wakiuweka mtaro kwenye bajeti kabla yako, maji yatakuwa yameondoka, na ukurasa wa pili wa daftari lako uwe avenyu inayofuata.