Barua kwa Mwanangu Aliyeuliza Nani Alifika

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata pamoja na swali lako. Unasema umemaliza kusoma maisha ya mawalii na watawa kadhaa, Waislamu kwa Wakristo, na unataka nikuambie ni nani kati yao aliyefika kweli kwa Mungu. Niruhusu kwanza nikueleze namna mimi ninavyowasoma.

Mimi hutazama kesho yake. Mtu akisema ameona nuru, nauliza alipoamka asubuhi alifanya nini. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Mwaka 1095 ulimi wake ulifungwa hata akashindwa kusomesha, matabibu wakakata tamaa, naye akaiacha kazi na jaha yake akaenda Dameski. Wasimulizi wengi hukomea hapo, kwa kuwa hapo ndipo panapopendeza. Lakini mwenyewe ameandika kwamba aligawa mali yake baada ya kubakiza riziki ya watoto, na kwamba baadaye wito wa watoto hao ndio uliomrudisha nyumbani.

Nilipokisoma kitabu chake mara ya kwanza, hapa Majengo, maneno hayo hata sikuyaona. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Dada yako alikuwa na homa, mfereji wa uani ulikuwa umekauka siku ya tatu, nami nimeketi kitandani nikisoma habari za ulimi uliofungwa. Mama yako, Mungu amrehemu, aliniita mara mbili. Nilinyamaza, na naona haya kukiri kwamba nilijihisi nimeikaribia daraja ya Imamu. Akambeba mtoto mgongoni, akaenda zahanati peke yake gizani.

Miaka ikapita, nikasoma kuhusu Teresa wa Ávila, mtawa wa Hispania aliyeanzisha nyumba 17 za watawa huku akihangaika na madeni na mashtaka, na aliyewaambia wenzake kwamba Mungu yumo hata jikoni, katikati ya vyungu. Nilikimbia kumsomea mama yako, aliyekuwa akisugua sufuria. Alicheka hata akaketi chini. “Kumbe ulikuwa unamngoja Mhispania aje akwambie?” Hadi leo kicheko kile hunijia ndani ya matatu, nikacheka peke yangu, abiria wakanitazama.

Ndiyo maana nasema, tazama kesho yake. Hata hivyo kipimo hiki kinamdhulumu Rabia wa Basra, yule walii mwanamke wa Kiislamu, kwani mengi tunayosimuliwa juu yake yaliandikwa karne kadhaa baada ya kufa kwake, na kesho yake hatuioni. Huenda aliwapita wote. Na huyo Ghazali ninayemtetea, hakurudi kufundisha hadi 1106. Watoto waliachiwa riziki, sawa, lakini riziki haimbembelezi mtoto mwenye homa. Au labda namhukumu yeye kwa kosa langu mimi.

Basi nani alifika? Jina ninalo, na limekuwa kwenye ncha ya ulimi tangu nilipoanza kuandika. Nikilitaja utaacha kuwasoma wengine, kama ulivyoacha kujifunza hesabu siku ile nilipokufanyia zote. Kwa hiyo nalimeza, ingawa linanikereketa.

Ukija Ijumaa, kitabu cha Ghazali kipo juu ya kabati. Lile duara jeusi kwenye jalada ni pale mama yako alipotua sufuria ya uji, usiku ule aliporudi kutoka zahanati.

Ni mimi,
Baba yako